Kusubiri toleo jipya la jarida la modeli za reli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mwezi, hasa wiki ile ya mwisho kabla toleo jipya halijaingia mikononi. Mifano mingi ni ya Uingereza, kwa kuwa ndiko yanakotoka Railway Modeller na Continental Modeller, lakini majibu mengi yanafaa kwa jarida lolote la fani hii. Swali likishajibiwa mahali pengine, tumekuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Mambo ya mwanzo

Jarida la modeli za reli lina nini ndani?

Kiini chake ni leauti, yaani reli ndogo iliyojengwa juu ya meza au mbao ikiwa na stesheni, madaraja, nyumba na treni zinazotembea kwa umeme. Toleo la kawaida hubeba leauti kadhaa zenye picha na ramani za njia, michoro ya mabehewa au majengo yenye vipimo, makala za ufundi, tathmini za bidhaa mpya, na kurasa nyingi za matangazo ya maduka. Matangazo nayo ni ya kusoma: humo ndimo utakapojua bei halisi na nani ana kitu gani.

Kuna majarida gani, na nianze na lipi?

Marekani kuna Model Railroader, lililoanzishwa na Al Kalmbach huko Milwaukee mwaka 1934. Ufaransa kuna Loco-Revue la tangu 1937. Ujerumani kuna MIBA lililoanza 1948, na Märklin Magazin la 1965 ambalo hutoka mara 6 kwa mwaka. Uingereza, Railway Modeller lilianza 1949, na tangu 1951 liko mikononi mwa Peco, kampuni ya kutengeneza reli ndogo iliyoko Beer, Devon. Peco hao hao hutoa Continental Modeller, linaloshughulikia reli za nje ya Uingereza.

Chagua kulingana na unachotaka kujenga, kisha angalia maduka unayoweza kuyafikia. Jarida la Kimarekani ni zuri sana, lakini ukijenga kwa vifaa vya Uingereza nusu ya bidhaa zake hutazipata. Anayependa reli za Afrika, Asia au Uswisi atapata mengi zaidi kwenye Continental Modeller.

Skeli na geji ni kitu kimoja?

Hapana, na kuzichanganya ndiko kunakowapotezea watu pesa. Skeli ni kiasi ambacho kitu kimepunguzwa. Geji ni upana wa njia, kutoka upande wa ndani wa reli moja hadi upande wa ndani wa nyingine. HO ni 1:87 na OO ya Uingereza ni 1:76, lakini zote mbili hutembea juu ya njia ya milimita 16.5. Ndiyo maana behewa la OO huonekana pana kidogo juu ya reli yake.

N ni njia ya milimita 9: 1:160 Ulaya na Marekani, 1:148 Uingereza. TT ya 1:120 hutumia milimita 12. Z ya Märklin, iliyotoka 1972, ni 1:220 kwenye milimita 6.5. Kwa O angalia nchi kwanza: Uingereza ni 1:43.5, Ujerumani 1:45, Marekani 1:48.

Toleo la Septemba linauzwa Agosti. Wamekosea?

Hawajakosea. Mwezi ulioandikwa kwenye jalada humwambia muuzaji jarida likae rafuni hadi lini. Toleo lenye jina la Septemba huingia madukani Agosti, na Septemba ikianza bado linaonekana jipya. Lingeandikwa Agosti, wanunuzi wangeanza kuliona la zamani kabla hata hawajalifungua.

Ukiagiza, taja mwezi wa jalada, usitaje mwezi unaonunua. Kosa hili ndilo humfanya mtu apate toleo moja mara mbili na kukosa linalofuata.

## Kulipata toleo

Toleo jipya linatoka siku gani?

Tarehe huchapishwa ndani ya toleo lililotangulia, mara nyingi kwenye ukurasa wa mwisho au ule wa yaliyomo, palipoandikwa yatakayokuja mwezi ujao. Usihesabu siku 30 kutoka toleo lililopita. Wachapishaji hupanga kwa siku za wiki, kwa hiyo pengo huwa wiki 4 mwezi mmoja na wiki 5 mwingine. Yako pia majarida yanayotoka kila baada ya wiki 4, matoleo 13 kwa mwaka, na hayo yana toleo moja la ziada lisilolingana na mwezi wowote.

Orodha ya yatakayokuja ni nia ya mhariri. Makala ikikosa picha nzuri au matangazo yakizidi, leauti uliyokuwa ukiingoja husogezwa mbele mwezi mmoja au zaidi.

Aliyejiandikisha na anayenunua dukani, nani hutangulia?

Kwa kawaida aliyejiandikisha, maana nakala zake hutumwa moja kwa moja kutoka kwa wachapaji siku chache kabla ya siku ya kuuzwa. Hilo ni ndani ya nchi. Ukishavuka mpaka hali hubadilika: nakala ya posta ya kwenda Afrika Mashariki inaweza kuachwa wiki kadhaa na ile ya dukani London.

Muuza magazeti anasema halijui jarida hilo. Nimpe taarifa gani?

Mwonyeshe msimbo wa mistari wa toleo la zamani. Wa majarida huanza na 977, kisha hufuata tarakimu 7 za mwanzo za ISSN, yaani namba ya kimataifa ya kulitambua jarida. Pembeni kuna mistari mingine mifupi yenye tarakimu 2: hiyo ndiyo inayotofautisha toleo na toleo. Kwa namba hizo msambazaji hulitambua jarida hata kama jina lake linafanana na la jingine.

Uingereza unaweza kumwomba muuza magazeti akuwekee nakala kila mwezi, na wengi hufanya hivyo bila malipo ya ziada. Ni njia nzuri kwa mtaa ambao jarida halionekani rafuni, kwa sababu nakala moja iliyoagizwa humfanya muuzaji aletewe.

Nakala yangu haijafika. Nianzie wapi?

Angalia kwanza kama usajili haujaisha. Mara nyingi karatasi ya anwani huwa na namba au mwezi wa toleo la mwisho ulilolipia. Pili, hakikisha anwani: sanduku la posta lililobadilishwa ndilo chanzo cha malalamiko mengi kutoka kwetu Afrika Mashariki. Tatu, hakiki tarehe ya kutoka kwa mujibu wa jibu la swali la siku ya kutoka toleo jipya. Ndipo uwaandikie wa idara ya usajili, ukiwapa namba yako ya usajili, mwezi wa jalada na anwani kamili.

Usikae kimya miezi mitatu ukitumaini. Nakala za ziada za toleo jipya huwapo ghalani, za toleo la zamani huisha, na ofisi itakayokubali kukutumia nyingine mwezi huu huenda isiwe nayo mwezi ujao.

Niko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Nichukue karatasi au la kidijitali?

Kwa habari na tathmini, la kidijitali. Hulisoma siku ile ile linapotoka, hakuna posta, na matoleo ya nyuma mara nyingi huja pamoja na usajili. Kwa michoro, karatasi bado ina nguvu: mchoro uliochapishwa kwa skeli unaupima kwa rula moja kwa moja, wakati kwenye skrini ukubwa hubadilika kila unapovuta.

Ukitaka kupima mchoro wa kidijitali, uchapishe kwa asilimia 100. Zima lile chaguo la kufitisha ukurasa kwenye karatasi, maana hupunguza mchoro kwa asilimia kadhaa bila kukwambia. Kisha pima mstari wa vipimo uliochorwa pembeni. Mstari ukisema futi 10 kwenye 1:76 unatakiwa uwe milimita 40. Ukipata 38, tupa karatasi na uanze upya, usijaribu kusahihisha kwa kukisia.

Angalia pia masharti: wengine hukuachia matoleo uliyolipia hata usajili ukiisha, wengine hufunga mlango wote.

Jarida limefika likiwa limelowa. Litaokoka?

Litaokoka ukiwahi. Karatasi yake inayong'aa imepakwa tabaka la udongo mweupe, na tabaka hilo likikauka huku kurasa zimegusana, hugandana kama zimepigwa gundi; ukizibandua picha inabaki upande wa pili. Kwa hiyo usiliache likauke likiwa limefungwa. Weka karatasi nyeupe isiyong'aa kati ya kila kurasa mbili, badilisha karatasi hizo kila baada ya saa chache, na uweke feni iliyoelekezwa pembeni. Usilianike juani.

Huna muda leo? Lifunge kwenye mfuko wa plastiki uliweke kwenye friza. Likiganda barafu kurasa hazishikani, na utalishughulikia siku utakayopata nafasi.

## Kulisoma na kulitumia

Ramani imechorwa kwa skeli nyingine. Naibadilishaje?

Kwa jengo au behewa ni hesabu tu: gawa namba ya skeli ya mchoro kwa namba ya skeli unayotaka. Kutoka OO (1:76.2) kwenda HO (1:87) chapisha kwa asilimia 87.6. Kutoka OO kwenda TT ya 1:120, asilimia 63.5. Kutoka OO kwenda N ya Uingereza, 51.5. Kutoka O ya Uingereza kwenda OO, 57. Kutoka HO kwenda N ya 1:160, 54.4.

Kwa ramani ya njia hesabu hiyo pekee haitoshi. Pointi za dukani, yaani zile reli ambapo njia moja hugawanyika kuwa mbili, hazipungui kwa uwiano ule ule, na vidole vyako havipungui kabisa. Nafasi ya kuingiza mkono kati ya njia mbili ili kuinua behewa lililoanguka ni ile ile kwenye N na kwenye O. Punguza ramani, kisha weka juu yake violezo vya pointi halisi utakazonunua. Peco hutoa violezo hivyo vya kuchapisha bure.

Ramani inasema futi 8 kwa futi 2. Itafanya kazi kweli?

Swali zuri, kwa kuwa plaiwudi inayouzwa kwetu ni futi 8 kwa 4, na ukiipasua katikati kwa urefu unapata mbao mbili za ukubwa huo. Urefu ulio nao ni milimita 2438. Tuupime kwa stesheni ndogo ya mwisho wa njia, skeli ya OO, treni ya injini fupi yenye milimita 130 na mabehewa mawili ya abiria ya milimita 267 kila moja. Mabehewa yenyewe ni 534; treni nzima ni 664.

Pointi ya kati ya Peco Streamline ina urefu wa milimita 219. Unahitaji moja ya kuingilia njia ya kupishana, mabehewa ya 534 katikati, na nyingine ya kutokea. Ongeza kama 200 kwa zile sehemu mbili ambapo njia ziko karibu mno na behewa likisimama litagongwa. Mwishoni acha 150 ili injini isimame baada ya pointi ya pili na kurudi kwa njia ya pembeni. Jumla ya stesheni: 1322. Upande wa pili wa ukuta wa mandhari, mahali pa kuficha treni nzima panahitaji 664 na akiba ya 40, yaani 704. Zimebaki milimita 412 za mandhari ya njia.

Inaingia. Ila ukiongeza behewa la tatu, unapoteza 267 stesheni na 267 mafichoni, jumla 534, na huna nafasi hiyo. Watu wengi huligundua hili baada ya kupiga misumari. Fanya hesabu hii kwa kila ramani inayokuvutia, hata iwe imechorwa na bingwa.

Kwa nini ramani ya Minories hutajwa mara kwa mara?

Ni stesheni ndogo ya mjini iliyochorwa na Cyril Freezer, aliyekuwa mhariri wa Railway Modeller, na kuchapishwa humo mwaka 1957. Uzuri wake uko kwenye mpangilio wa pointi mlangoni mwa stesheni: njia mbili zinafika majukwaa matatu, na treni inaweza kuingia au kutoka jukwaa lolote, huku kona za kupinda kushoto na kulia kwa mfululizo zikiwa zimepunguzwa sana. Kona hizo ndizo huyafanya mabehewa marefu yasukumane pembeni na kuanguka. Ukiuelewa mpangilio huo utaanza kuona ramani nyingine zimekosea wapi.

Kwenye tathmini ya injini mpya, niangalie nini kwanza?

Wengi hukimbilia rangi. Anza na kona ndogo zaidi inayoweza kupita. Reli za seti za OO zina kona ya kwanza yenye nusu-kipenyo cha milimita 371, ya pili 438, ya tatu 505, ya nne 571.5. Injini kubwa nyingi zinataka ya pili kwenda juu, na ukiwa na kona ya kwanza umenunua pambo la kabati.

Kisha soketi ya dikoda (kifaa kidogo ndani ya injini kinachopokea amri), kama unatumia DCC, yaani udhibiti wa kidijitali: pini 8, pini 21 na Next18 haziingiliani, na dikoda isiyolingana haitaingia. Halafu uzito na idadi ya mabehewa iliyovuta kwenye jaribio. Umbali kati ya migongo ya magurudumu, ambao kwa OO ya kawaida ni kama milimita 14.5, husemwa mara chache, lakini ukitajwa uzingatie. Tazama swali la treni kuanguka kwenye pointi.

Bidhaa imetangazwa mwaka jana na bado haijafika dukani. Imefutwa?

Pengine la. Kutoka tangazo hadi rafuni kuna hatua: mchoro wa kompyuta, kukata kalibu ya chuma, sampuli ya kwanza isiyo na rangi, masahihisho, sampuli zenye rangi, uzalishaji ambao mara nyingi uko China, kisha meli. Picha ya sampuli isiyo na rangi ikionekana jaridani, kazi kubwa ya kalibu imeshafanyika. Ikiwa bado wanaonyesha mchoro wa kompyuta tu, usianze kupanga leauti yako kwa kuitegemea.

## Kazi za kufanya huku ukingoja

Nimwage vipi kokoto za reli bila kuziharibu pointi?

Kokoto halisi za reli huwa na milimita 30 hadi 50. Kwa OO hiyo ni milimita 0.4 hadi 0.66, yaani ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kichujio cha chai kitakusaidia kuchambua mchanga. Mchanga wa ufukweni uoshe mara kadhaa kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi hula reli, na ukishakauka upitishie sumaku: chembe nyeusi zenye chuma zikibaki zitanaswa na mota za injini.

Mwaga kokoto zikiwa kavu, zisawazishe kwa brashi laini hadi zilingane na mataruma au ziwe chini kidogo, kisha gonga reli taratibu kwa mpini wa brashi ili zilizopanda juu zishuke. Nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kwa ukungu mwembamba. Ndipo udondoshe gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nayo iwe na tone la sabuni. Acha saa 24. Ukiruka hatua ya kunyunyiza maji, gundi hujikusanya kama shanga na kubeba kokoto juu yake.

Kwenye pointi, paka tone la mafuta mepesi kwenye kile kipande kinachosogeza ndimi, yaani zile reli nyembamba zinazohama, punguza kokoto hapo, na usogeze ndimi kila baada ya dakika chache wakati gundi inakauka. Kipande hicho kikishikwa na gundi, pointi imekwisha.

Treni inatembea vizuri lakini huanguka kwenye pointi moja. Kwa nini?

Kama inaanguka injini moja au behewa moja tu, kosa liko kwenye magurudumu: pima mgongo kwa mgongo. Yakiwa karibu mno, gurudumu hupanda reli ya ulinzi. Yakiwa mbali mno, hugonga ncha ya ule mkutano wa reli katikati ya pointi. Zungusha gurudumu kwenye ekseli huku ukivuta taratibu, usilisukume kwa koleo.

Kama zinaanguka zote, ni pointi. Weka rula ya chuma juu yake. Mbao iliyovimba huinua pointi katikati kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Kisha angalia kama ulimi unalala sawasawa kwenye reli na hakuna punje ya kokoto iliyokaa hapo.

Nyaya ziwe nene kiasi gani?

Jozi kuu inayopita chini ya mbao iwe ya milimita mraba 1.5, au 2.5 ikiwa leauti ni ndefu. Nyaya fupi za kupanda kwenye reli zinaweza kuwa za 0.2, na kila kipande cha reli kipate zake. Usitegemee viungio vya reli kupitisha umeme, kwa sababu hulegea na kushika kutu. Kwa pointi za Electrofrog, ambazo mkutano wake wa reli katikati hupitisha umeme, weka viungio vya plastiki kwenye reli mbili zinazotoka kwenye ule mkutano wa katikati, la sivyo utapata shoti mara unapoigeuza.

Ukiwa na DCC, fanya jaribio la sarafu: laza sarafu juu ya reli zote mbili, sehemu moja baada ya nyingine hadi mwisho wa leauti. Kituo cha DCC kinatakiwa kukata umeme mara moja kila mara. Kisipokata mahali fulani, nyaya za hapo ni nyembamba au zimeungwa vibaya, na shoti ya kweli ikitokea hapo itayeyusha plastiki.

Vidhibiti vya treni kutoka Uingereza vitafanya kazi kwetu?

Kenya, Tanzania na Uganda hutumia volti 230 hadi 240 na plagi ile ile ya pini tatu za bapa, kwa hiyo ndiyo. Vya Marekani vimetengenezwa kwa volti 120. Soma nyuma ya adapta kabla hujaichomeka. Ikiandika 100–240 ni salama, ikiandika 120 pekee itaungua. Na kwa sababu umeme ukirudi baada ya kukatika huja kwa kishindo, tumia kilinda umeme kama cha friji.

Reli zinapinda kwenye joto. Nifanye nini?

Reli ya fedha ya Kijerumani, yaani aloi ya shaba, nikeli na zinki, hutanuka kidogo sana: kipande cha milimita 914, joto likipanda nyuzi 20, huongezeka kama milimita 0.3. Acha nafasi ya nusu milimita kwenye kila kiungio na hilo limeisha. Adui mkubwa zaidi, hasa pwani, ni mbao inayokunywa unyevu na kuuachia. Paka plaiwudi vanishi pande zote, hata chini na kwenye kingo, kabla ya kulaza reli.

## Reli za kwetu

Nataka kujenga Reli ya Uganda au TAZARA. Nitumie skeli gani?

HO kwenye njia ya milimita 12. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901 ina upana wa mita 1, ambao kwa 1:87 ni milimita 11.5. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ina milimita 1067, ambazo kwa 1:87 ni 12.3. Njia ya 12 iko katikati, na tofauti haionekani. Njia hiyo huitwa HOm, na Peco huitengeneza kwa ajili ya wapenzi wa reli za Uswisi. Usichukue ya TT:120 kwa sababu tu nayo ni milimita 12: mataruma yake ni madogo na yamebanana.

Kwa OO hesabu inaharibika: mita 1 inakuwa milimita 13.1, na hakuna njia ya kawaida ya upana huo.

Na SGR?

Hiyo ni rahisi. Upana wake wa 1435 ni milimita 16.5 kwa 1:87 na 9 kwa 1:160, kwa hiyo reli yoyote ya HO au N itafaa. Kazi iko kwenye treni zenyewe, ambazo itabidi uzijenge au uzibadilishe kutoka modeli za Kichina.

Garratt la daraja la 59, lile garimoshi kubwa la mvuke la Afrika Mashariki, linawezekana?

Linawezekana, lakini ni kazi ya kujenga. Yalitengenezwa 34 na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja lina tani 252, na yalipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mawili, Mount Gelai na Mount Shengena, yako Makumbusho ya Reli Nairobi, ambako unaweza kupima na kupiga picha mwenyewe. Chukua tepu ya mita 5 na mtu wa kushika upande wa pili. Kwa 1:87 injini itakuwa na urefu wa karibu milimita 365. Ingawa ni ndefu, seti zake mbili za magurudumu hugeuka kila moja peke yake, kwa hiyo hukata kona vizuri kuliko urefu unavyotisha. Angalia boila katikati: kwenye kona hutokeza kwa ndani na kugonga ukingo wa jukwaa.

## Makala yako jaridani

Leauti yangu inaweza kuchapishwa?

Ndiyo, na wahariri hutafuta reli zisizoonekana mara kwa mara. Tuma picha kama kumi za mfano, maelezo ya ukurasa mmoja, na ramani iliyochorwa kwa mkono yenye vipimo. Mchoraji wao ataichora upya. Peleka kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Ikikubaliwa, kuchapishwa kunaweza kuchukua mwaka au zaidi, kwa hiyo usivunje leauti kabla picha hazijaidhinishwa.

Picha ziweje?

Ukurasa mzima wa A4 kwa ubora wa uchapaji unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Tumia kamera juu ya mguu, tundu dogo la f/16 au karibu na hapo, na mwanga wa aina moja: taa za chumbani na za dirishani zikichanganyika, rangi huharibika. Shusha kamera. Jicho la mtu mzima kwenye OO liko kama milimita 21 juu ya ardhi, na picha iliyopigwa hapo humweka msomaji ndani ya stesheni.

Usitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwani huibana na maelezo hupotea. Itume kama faili, au kwa barua pepe.

## Matoleo ya zamani

Niyatunze vipi kwenye hewa ya pwani?

Kabati la chuma lenye matundu, lililoachana na ukuta kwa sentimita 5 na sakafu kwa 10, ni bora kuliko sanduku la mbao. Mchwa hupitia ukutani, unyevu hupanda kutoka sakafuni. Yasimamishe wima bila kuyabana. Toa vipande vya magazeti ulivyochomeka ndani, kwa sababu asidi yake huacha doa la kahawia kwenye kurasa nzuri.

Nimepewa rundo la miaka ya 1960. Yana faida yoyote?

Sana, kwa michoro, ramani na njia za kujenga kwa karatasi ngumu na mbao. Puuza bei, anwani za maduka na ushauri wa umeme wa nyumbani. Kuwa mwangalifu na mapendekezo ya kemikali: asbesto ya unga kwa kutengenezea mandhari na tetrakloridi ya kaboni ya kusafishia reli zilikuwa vitu vya kawaida zamani, na zote mbili ni sumu. Kwa kusafisha reli tumia spiriti ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, wala usitumie msasa, maana mikwaruzo hushika uchafu haraka zaidi.

Toleo moja limekosekana kwenye mfululizo wangu. Nalipata wapi?

Anza na wachapishaji wenyewe, kisha maduka ya vitabu vya mitumba na meza za vilabu kwenye maonyesho. Andika mwezi wa jalada, mwaka na namba ya juzuu, maana baadhi ya majarida yalibadilisha mpangilio wa namba katikati. Ukihitaji makala moja tu, uliza kama lipo kwenye kumbukumbu ya kidijitali kabla ya kulipia posta ya nakala nzima.